Kununua Nintendo Switch 2: Anza na Kadi, Siyo na Kioo

Mashine ya gemu ya Nintendo Switch 2 iliingia sokoni tarehe 5 Juni 2025, na katika siku 4 za kwanza ziliuzwa zaidi ya milioni 3.5 duniani kote. Ukimuuliza muuzaji kwa nini uinunue, atakuonyesha kioo: inchi 7.9, rangi zinawaka, picha haikwami. Atakwambia ukiiunganisha na televisheni inatoa picha ya 4K. Yote hayo ni kweli, na mwongozo huu hauyapingi. Ila kwa mnunuzi wa huku kwetu, anayelipia intaneti kwa bando na anayejua kwamba umeme unaweza kukatika wali ukiwa bado jikoni, hayo siyo mambo ya kuanza nayo. Anza na swali moja: gemu lenyewe linaingiaje ndani ya mashine? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama utacheza siku ile ile uliyonunua au utasubiri hadi kesho kutwa, kama gemu ulilolipia utaweza kumwazima mdogo wako, na kama miaka kumi ijayo kile kikadi ulichohifadhi kitakuwa bado na kitu ndani.

Yale yanayosifiwa zaidi tuyapitie upesi. Ndani ya Switch 2 kuna chipu iliyotengenezwa na Nvidia mahususi kwa ajili yake, pamoja na RAM ya GB 12. Switch ya kwanza, ya Machi 2017, ilikuwa na GB 4. Kioo kina nukta 1920 kwa 1080 na kinaweza kubadilisha picha hadi mara 120 kwa sekunde, wakati kile cha zamani kilikuwa cha inchi 6.2 na nukta 1280 kwa 720. Ukiipachika kwenye kituo chake cha televisheni, inafika 4K kwa picha 60 kwa sekunde, au picha 120 kwa sekunde ukikubali nukta chache zaidi. Neno la kuliangalia hapo ni hilo "inafika". Siyo kila gemu linafika, na mashine yenyewe haina nguvu ile ile mkononi na mezani. Wachunguzi wa Digital Foundry walionyesha kwamba sehemu ya chipu inayochora picha hukimbia kwa megahezi 1007 ikiwa kwenye televisheni, lakini ukiishika mkononi hushuka hadi 561 ili betri isiishe. Pengo hilo huzibwa kwa ufundi wa Nvidia uitwao DLSS: mashine inachora picha ndogo, kisha programu iliyofunzwa kwa picha nyingi inaikuza na kuinoa. Matokeo yake ni mazuri, na kwa mashine ya kushika mkononi ni hatua kubwa. Kama televisheni ya nyumbani kwako siyo ya 4K, hutapoteza kitu cha maana. Padi zinazonasa kwa sumaku, ambazo unaweza kuzilaza mezani ukazitumia kama kipanya cha kompyuta, ni nyongeza ya kufurahisha lakini siyo sababu ya kutoa pesa.

Sasa tuje kwenye memori. Switch 2 imekuja na GB 256 za ndani, mara nane ya zile GB 32 za Switch ya kwanza. Zinasikika nyingi. Sehemu yake huchukuliwa na mfumo wa mashine, na magemu makubwa ya siku hizi hayana huruma: manne ya GB 60 kila moja yanakaribia kuijaza. Ukitaka kuongeza nafasi, hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Memori kadi ya kawaida, ile ya simu au ya Switch ya zamani, haitumiki kuhifadhia magemu ya Switch 2. Mashine itakuruhusu tu kunakili picha na video ulizokuwa umezipiga ndani ya magemu. Magemu yanataka aina mpya iitwayo microSD Express. Kwa umbo zinafanana kabisa, zinaingia kwenye tundu lile lile, na mtu wa duka la simu asiyezijua atakuuzia ya kawaida kwa nia njema kabisa. Tofauti ni kasi: ya kawaida husoma karibu MB 100 kwa sekunde, ile ya Express hukaribia mara nane au tisa ya hapo. Ukishika kadi, tafuta herufi EX zilizoandikwa juu yake. Usipoziona, irudishe. Kadi hizi bado ni ghali kuliko za kawaida, kwa hiyo gharama yake iingize kwenye hesabu ya mashine tangu mwanzo, usiifanye jambo la baadaye.

Memori ina uzito huo kwa sababu ya kitu kilichoanza na mashine hii. Kadi ya gemu ya Switch 2 ni kipande chekundu cha plastiki, kidogo kama stempu, kilichopakwa kitu kichungu makusudi ili mtoto akikitia mdomoni akiteme. Ukizipanga kadi mbili mezani, zinafanana kwa umbo na rangi, lakini moja inaweza kuwa na gemu zima ndani yake na nyingine isiwe na gemu lolote. Hiyo ya pili Nintendo wameiita Game-Key Card. Sisi tuiite kadi-ufunguo. Unaichomeka, mashine inaitambua, kisha inakwambia upakue gemu lote kutoka kwenye intaneti. Ukishamaliza kupakua na kulifungua mara ya kwanza, unaweza kucheza bila intaneti, lakini kadi lazima ibaki imechomekwa kila unapocheza. Kwa hiyo gemu la kadi-ufunguo linakula memori yako yote sawasawa na gemu lililonunuliwa mtandaoni, na bado linakudai ubebe kikadi mfukoni.

Habari njema ni kwamba Nintendo hawakulificha jambo hili. Kwenye jalada la mbele la kasha, upande wa chini, kuna utepe mweupe wenye alama ya ufunguo, na maelezo kwamba gemu linapakuliwa lote kwa intaneti na linahitaji nafasi ya GB kadhaa. Usome utepe huo kabla ya kutazama picha ya jalada. Street Fighter 6, kwa mfano, ni gemu zuri la kupigana na limeuzwa kwa mtindo huo. Linahitaji karibu GB 50. Tupige hesabu. Gigabaiti 50 ni megabiti 400,000. Kama intaneti yako inakimbia megabiti 10 kwa sekunde bila kuyumba, utahitaji sekunde 40,000, yaani zaidi ya saa 11. Kama ni megabiti 5, siku nzima haitoshi kwa raha. Na kama unatumia bando la simu, chukua bei ya GB moja kwa mtandao unaoutumia, izidishe mara 50, kisha uiongeze kwenye bei ya kasha. Hiyo ndiyo bei halisi ya gemu hilo kwako. Mnunuzi wa Seoul mwenye intaneti ya nyuzi isiyo na kikomo analipa bei ya kasha tu; wewe uliyeko Tabora au Kisii unalipa kasha na bando, kwa kitu kile kile.

Linganisha na kasha la pili. Mario Kart World, lililotoka siku moja na mashine, lipo zima ndani ya kadi. Donkey Kong Bananza la Julai 2025 vilevile. Hata Cyberpunk 2077, gemu zito la mji wa baadaye ambalo mwaka 2020 lilizilemea mashine za mezani za kizazi chake, CD Projekt Red wa Poland waliliweka lote kwenye kadi ya GB 64. Ukichomeka, unacheza, na zile GB 256 zako zinabaki karibu kama zilivyokuwa. Kwa mtu asiye na intaneti ya uhakika, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya nukta za kioo. Kweli, hata magemu yaliyo kamili kwenye kadi hupata masahihisho ya mtandaoni baadaye, na baadhi ya masahihisho hayo yana faida. Lakini kusahihisha ni hiari yako na mara nyingi ni sehemu ndogo ya gemu. Kupakua gemu zima kabla hujaona hata picha ya kwanza ni jambo jingine.

Wapo watakaosema haya ni malalamiko ya kizamani. Siku hizi kila kitu kinapakuliwa: muziki, filamu, hata vitabu. PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 ilitoka bila kisomea diski ndani yake, na bado ikapata wanunuzi. Hoja hiyo ina uzito, na kwa mtu mwenye nyuzi hadi sebuleni, iwe Nairobi au Muscat, karibu inatosha. Ila hata yeye aangalie mambo mawili. La kwanza ni nafasi: magemu ya kupakuliwa yatamlazimisha ama kununua kadi ya Express ama kufuta moja kila anapotaka jingine. La pili ni umri. Mnamo Machi 2023 Nintendo walifunga duka la mtandaoni la mashine zao za Wii U na 3DS. Waliokuwa wamenunua bado wanaruhusiwa kupakua tena walichonunua, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini kampuni haijaahidi kwamba mlango huo utakaa wazi milele. Kadi yenye gemu ndani haimwombi mtu ruhusa.

Wengine watasema kadi-ufunguo ni bora kuliko gemu la kununua mtandaoni, kwa sababu unaweza kuiuza au kumwazima jirani. Hapo wako sahihi, na haifai kulipinga. Gemu la mtandaoni limefungwa kwenye akaunti yako. Kadi-ufunguo inahama kutoka mkono hadi mkono, na yeyote aliye nayo anapakua na kucheza. Kama chaguo lako ni kati ya hayo mawili tu, kwa bei inayokaribiana, chukua kadi-ufunguo. Kosa ni kuilinganisha na kadi kamili na kudhani ni ndugu. Jirani utakayemwazima naye atatafuta GB 50 zake, na kama hana, umemwazima plastiki.

Hoja nzito kuliko zote ni ya kiufundi, nayo inatoka kwa watengenezaji wenyewe. Star Wars Outlaws, lililofika kwenye Switch 2 Septemba 2025, limeuzwa kwa kadi-ufunguo, na mmoja wa wahandisi wake alieleza hadharani sababu: injini ya gemu hilo huvuta vipande vya dunia yake kutoka kwenye hifadhi muda wote mchezaji anapotembea, na kadi ya gemu haikuweza kuvileta kwa kasi waliyohitaji, wakati memori ya ndani iliweza. Maelezo hayo yana mantiki. Memori ya ndani ya Switch 2 ni ya haraka, na ndiyo sababu ile ile Nintendo walikataa memori kadi za kawaida. Gemu lililobuniwa kwa mashine zenye diski za SSD haliwezi kulazimishwa lipite kwenye tundu jembamba. Lakini hoja hii inalinda magemu machache, siyo desturi nzima. Cyberpunk nalo lina jiji kubwa na wazi, na likakaa ndani ya kadi. Yapo magemu madogo ya GB 10 na kidogo ambayo nayo yametolewa kwa kadi-ufunguo, na hayo huwezi kuyatetea kwa kasi. Hapo kilichookolewa ni gharama ya kutengeneza kadi yenye memori, na gharama hiyo imehamishiwa kwenye bando la mnunuzi. Mtengenezaji ana haki ya kubana matumizi. Wewe nawe una haki ya kutonunua.

Kwamba tofauti hii siyo hisia tu, iliwekwa wazi na Maktaba ya Taifa ya Bunge la Japani, nchi ilikozaliwa Nintendo. Maktaba hiyo hukusanya kwa mujibu wa sheria magemu yanayouzwa kwa kasha kama inavyokusanya vitabu. Mwaka 2025 ilipoulizwa na jarida la Famitsu kuhusu kadi-ufunguo, ilijibu kwamba hazimo katika yale inayoyakusanya, kwa kuwa maudhui hayamo ndani ya kadi. Wanaohifadhi maandishi ya taifa zima wameiona kadi hiyo, wakaihesabu kuwa tupu.

Kuna utajiri mwingine ambao wauzaji huusahau, nao unakufaa sana wewe mwenye intaneti ya mashaka. Switch 2 inasoma kadi za Switch ya kwanza, mashine iliyouzwa zaidi ya milioni 150. Magemu yake ni maelfu, mengi yamo mazima ndani ya kadi zao, na yanauzwa mkono wa pili kila mahali palipo na wachezaji. Mengine hata hukimbia vizuri zaidi kwenye mashine mpya. Sharti ni moja: siku ya kwanza mashine inataka iunganishwe na intaneti ipate sasisho la mfumo, na kabla ya hapo kadi za zamani hazitachezeka. Lifanye hilo dukani au kwa rafiki mwenye Wi-Fi, na ukitoka hapo unaweza kukaa miezi bila bando la gemu. Halafu iko huduma ya GameShare: kwa magemu yanayoikubali, Switch 2 moja yenye gemu inaweza kuwashirikisha wenzako waliokaa karibu, kila mmoja na mashine yake, hata wenye Switch ya zamani, bila wao kumiliki gemu hilo. Kwa nyumba yenye watoto watatu, hilo lina thamani kuliko 4K.

Kuhusu umeme, usitegemee miujiza. Betri ni ya mAh 5220, na Nintendo wenyewe wanasema itadumu kati ya saa 2 na saa 6 na nusu kulingana na gemu. Magemu mazito yatakuangusha kwenye saa 2 hizo. Switch ya zamani iliyoboreshwa mwaka 2019 ilitangazwa kwa saa 4 na nusu hadi 9, kwa hiyo upande huu mashine mpya imerudi nyuma. Ndiyo bei ya kioo kikubwa na chipu yenye nguvu. Kuijaza kunachukua takriban saa 3 ikiwa imelala. Inachajiwa kwa waya wa USB-C kama simu nyingi, ina matundu mawili ya waya huo, moja juu na moja chini, na pawabenki yenye nguvu itaisaidia ikiwa mkononi. Kituo cha televisheni ndicho kinachochagua. Kitumie na chaja yake. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuizuia betri isijae kupita takriban asilimia 90. Iwashe kama mashine itakaa kwenye televisheni muda mwingi, betri itaishi zaidi.

Mwisho kabisa kuna mitego miwili ya kununua, na yote miwili inarudi kwenye lile swali la kwanza, kwa sababu mashine isiyoweza kufika kwenye mtandao wa Nintendo haiwezi kupakua gemu la kadi-ufunguo hata moja. Japani kuna Switch 2 mbili. Moja, iliyotoka kwa yeni 49,980, ni ya Kijapani pekee: lugha yake haibadilishwi, na haipokei akaunti isiyosajiliwa Japani. Nyingine ya lugha nyingi iliuzwa kwa yeni 69,980. Huko Marekani bei ya kuanzia ilikuwa dola 449.99. Ukiletewa mashine mpya kwa bei iliyo chini sana ya hapo, na kasha lake lina maandishi ya Kijapani, usiguse pochi mpaka umeona ukurasa wa lugha. Mtego wa pili ni mashine iliyotumika. Mei 2025 Nintendo walibadilisha masharti yao na kujipa haki ya kuzima huduma za mashine inayokutwa na magemu ya wizi, na mara baada ya mauzo kuanza, mashine zilizochomekwa kadi za kunakilia zilifungiwa mtandao. Adhabu inaifuata mashine, haimfuati aliyekosa. Ukiinunua bila kujua, imekuwa ya kwako.

Basi ukiwa kaunta, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, uiunganishe na Wi-Fi au na simu yako, ufungue ukurasa wa lugha kisha duka la Nintendo, na uhakikishe kwamba akaunti utakayotumia na njia yako ya kulipia vinakubaliwa huko. Kikifeli kimoja, ondoka. Ikipita, chagua gemu la kwanza kwa kusoma utepe wa chini wa jalada. Kama nyumbani huna intaneti ya kudumu, chukua lile lisilo na alama ya ufunguo.